Ngazi ya Miguu Mitupu

4 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na mkeo hajambo, bado anakuficha chumvi? Mimi mzima, ila vidole vimejaa gundi, hata bahasha hii nitaifunga bila kuilamba.

Nimepata kazi ya kubuni na kujenga ngazi, tena peke yangu, bila bosi. Ni ya spa, nyumba ambako watu watakuja kukandwa, kuoga kwa mvuke na kupumzika. Itaanza kando ya bwawa na kupanda hadi vyumba vya kukandia. Mwenye spa, mama mmoja asiyejua kukaa chini, anataka mtu akiingia mlangoni asimame aitazame kama sanamu. Nimemchorea utepe wa mbao unaojizungusha kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Vidato vitatoka humo humo kwenye utepe, bila nguzo chini. Nitabandika mbao nyembamba moja juu ya nyingine na kuzibana kwenye kalibu mpaka zikubali kupinda.

Naogopa, Mjomba, lakini maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Ninachokuomba ni kimoja. Unaikumbuka sheria ya karakana yako: fundi hakagui ngazi yake mwenyewe, kwa sababu mguu wake umeshaizoea. Ulikuwa ukimaliza ya kwako unanivua viatu, unaniambia nifumbe macho, nipande. Mguu wangu ukitafuta kidato, unarudia kazi. Safari hii zamu ni yako. Njoo unipandie.

Mpwa wako,
Msumari


19 Machi

Msumari wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu, na anakanusha habari za chumvi.

Kuishi kwingi kuona mengi! Mimi nimetokwa jasho karakanani maisha yangu yote, na hakuna mteja aliyewahi kuniomba ngazi ya kutazamwa kama sanamu. Nimefurahi mno. Barua yako nilimsomea jirani, nikamsomea tena, mpaka akaniuliza kama nina homa.

Ila kupanda, hapana. Siku hizi nalala sebuleni. Chumba chetu cha juu, chenye lile dirisha la kutazama barabara, sijakiona tangu goti ligome. Ngazi ya hapa niliijenga mwenyewe kabla sijaanguka na kuvunjika mguu, nikiwa kijana wa kurukaruka, na sasa inanicheka. Sitaki kwenda kuchekwa na nyingine mbele ya watu waliovaa mataulo. Tafuta mguu mzima.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama wote. Mwili wangu mzima, moyo ndio umeteguka.

Ngazi imesimama. Ni nzuri, Mjomba, hata mimi naitazama nasahau kula. Tatizo ni vidato. Vina kimo kidogo mno na ni vipana, kwa hiyo vimekuwa vingi, na mkia wa ngazi umetambaa hadi kwenye kona ya viti vya chai. Mwenye spa alipanda mara moja akashuka amekunja uso.

"Fundi, ngazi hii inanichelewesha," akasema. "Tena imenilia kona yangu. Ivunje ufanye ya kawaida, la sivyo namleta mwingine aivunje."

Amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Kwenye mchoro vilikuwa vya kawaida. Lakini kabla ya kukata mbao zenyewe nilitengeneza ya majaribio kwa plaiwudi, kama ulivyonifundisha, nikawa napanda na kurekebisha mpaka mguu uridhike. Nikaufuata mguu, mchoro nikausahau. Nimejiuliza sana mguu wangu uliridhika na nini. Halafu Jumamosi nilikuwa natembea na fundi rangi, akaniambia, "Wewe dada, mbona unatembea kama unamsindikiza mgonjwa?"

Nilisimama pale pale barabarani. Tangu utotoni nimekwenda karakanani kando yako, wewe na mguu wako unaochechemea, mimi na kopo la misumari. Huo ndio mwendo ninaoujua. Nimejenga ngazi ya mguu wako, Mjomba, bila mwenyewe kujua.

Sikulaumu hata chembe. Nilitaka tu uijue kabla haijavunjwa.

Mpwa wako,
Msumari


9 Juni

Msumari,

Salamu baadaye. Nakuja. Asiiguse mtu.

Miaka yote nilidhani nakuchelewesha. Wenzako wakikimbia mbele, wewe unabaki na mimi, nami natazama chini kwa aibu. Nimesoma barua yako nikalia, na si kidogo, mke wangu akadhani tumefiwa.

Mwambie huyo mama kwamba ngazi ambayo haijakaguliwa haivunjwi. Ndiyo sheria yetu.

Mjomba wako


30 Juni

Msumari wangu,

Hujambo, mwanangu? Sisi tumefika nyumbani salama. Goti limevimba kidogo, lakini limekuwa na maringo, halisemeki.

Kuna jambo hukuliona, maana aliyepaswa kufumba macho ni mimi, ukafumba na wewe. Nilipanda miguu mitupu, mkono kwenye ule ubavu wa utepe ulioulainisha kwa msasa. Mguu haukutafuta hata mara moja. Kila ulipotua, kidato kilikuwa pale kinaungoja. Katikati nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Kumbe yule mama, viatu mkononi, adabu imemzuia kunipita. Tulipofika juu nikamwomba radhi kwa kumchelewesha. Alitazama bwawa chini, akakaa kwenye kidato cha mwisho na nguo zake zote nzuri.

"Mzee," akasema, "tangu nianze kuijenga nyumba hii, sijawahi kupumzika ndani yake."

Nami nikakaa. Ndiyo maana tulikawia kushuka, na wewe huko chini ukidhani tunapanga kuvunja. Mengine unayajua: ngazi imebaki, na viti vya chai umevihamisha wewe mwenyewe.

Nilikufundisha randa na msumeno, nawe umenirudishia miguu. Asante, mwanangu. Asante sana.

Sasa nisikilize. Ile ngazi ya hapa nyumbani, niliyoijenga kwa mbwembwe na kusifiwa na kila aliyeingia, njoo uivunje. Nijengee ya kwako. Mke wangu ameshapanda kulipangusa lile dirisha.

Mjomba wako, na sasa mteja