Misukule wa Mama Tusekile

Jumapili, Iyula.

Ile filamu ya zamani tuliyoitazama jana haijanitoka kichwani. Mtafsiri wa kibanda cha video aliwaita wale wafu wanaotembea misukule, tukacheka. Mwishoni, mtu pekee aliyenusurika alipigwa risasi na wazima waliokuja kuokoa watu, wakidhani naye ni mfu.

Jirani yangu Ambele akaniinamia. "Hao ndio wanaomchumia kahawa Mama Tusekile."

Nikacheka tena.

Lakini mimi namjua anayechuma. Nimemwona kwa macho yangu, ni Mama Tusekile mwenyewe, mjane yule, akichuma peke yake kabla ya jua, kwa sababu tangu afiwe na mumewe hakuna aliyekwenda kumsaidia. Hata mimi.

Kesho wanakijiji wanampeleka lambalamba, mganga wa kufichua wachawi, nyumbani kwa huyo mama. Ambele aliniuliza kama nitakuwepo.

Nilimjibu nitakuwepo.