Shali Mbichi

Jumanne, 9 Aprili

Khem! Khem, Khem, Khem. Hapa daftarini nakuita nitakavyo. Nje ya daftari mke hamtaji mumewe jina, basi naita "sikia" au "baba nanii" — baba wa nani, na ndoa ina siku kumi na tisa!

Leo kaniita kwenye kitanda cha kufumia. Alikuwa anamaliza kitu cheupe chenye maua mekundu, kijani na manjano ncha zote mbili. Akakikata palepale, akaniwekea mabegani. Shali yangu! Kumbe kaanza kuifuma siku tuliyochumbiana. Sufu ya kondoo wao wenyewe. Bado ilikuwa na joto la mikono yake. Nimelia kama mtoto.

Mama mkwe akatazama kutoka mlangoni. Akasema nzuri, ila Jumapili ni sikukuu ya mungu wa kijiji, na wanawake wakicheza hushikana mikono kulia na kushoto. Hakuna mkono wa kushika shali. Ikidondoka unatoka mstarini, unangoja mwakani.

Nitacheza. Lazima!

Jumatano, 10 Aprili

Wifi yangu Dinu kanifundisha. Shali inapita mgongoni, ncha zinakuja mbele, unakunja kidogo kila bega, unachoma pini mbili. Maua yaonekane chini, sawasawa. Kwetu, mji wa Una huko tambarare kwenye joto, tunajitupia mtandio tu na kwenda sokoni.

Tukashikana mikono, tukazunguka uani. Hatua nne — shali chini, kwenye majivu. Tena. Chini. Mara ya tatu ikamwangukia ng'ombe, akaivaa vizuri kuliko mimi.

"Wifi, basi tumpeleke ng'ombe," akasema Dinu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 11 Aprili

Imeanguka mara kumi na moja. Mama mkwe kapita na kuni: "Binti wa tambarare, umejifunga kama gunia la matufaha."

Pini zake ni za fedha, zimeungwa kwa mkufu. Mimi natumia pini za dukani. Dinu anasema zile za mama alipewa na mama mkwe wake, siku alipocheza bila kuangusha. Nazitazama mno. Aibu!

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Khem kaninong'oneza: shona shali kwenye nguo yako, nyuzi mbili tu, nani atajua? Mpenzi wangu mwizi! Nilitaka kukubali. Nilikuwa nimeshashika sindano. Halafu nikafikiria nikipewa zile pini za fedha kwa uongo. Nikairudisha sindano kwenye kopo. Kanuna kidogo. Akinuna anapendeza.

Jumamosi, 13 Aprili

Siwezi kuandika kwa kucheka!

Asubuhi shali imeanguka tena, miguuni pa mama mkwe. Akaiokota. Akaisugua kwa vidole. Akainusa. Kisha:

"We Khem! Njoo hapa! Umempa mkeo shali mbichi?"

Haikuoshwa! Ikitoka kwenye kitanda cha kufumia, shali hukanyagwa kwenye maji moto mpaka nyuzi zishikane. Kabla ya hapo ni laini, inateleza, pini haina pa kung'ang'ania. Kila mfumaji anajua. Baba yake alikuwa mfumaji, babu yake mfumaji!

"Nilikuwa na haraka, mama," akasema Khem.

"Haraka ya nini? Kashaolewa, haendi popote!"

Masikio yake yakawa mekundu kuliko yale maua.

Basi tukaingia wote wawili kwenye hodhi la mbao, miguu mitupu, maji moto, povu mpaka magotini. Tukakanyaga. Mama mkwe anapiga makofi kutupa mwendo, Dinu anamwaga maji. Nikateleza. Nikapiga kelele, "Khem!"

Jina la mume, kwa sauti kubwa, mchana kweupe! Jirani kachungulia juu ya ukuta.

Mama mkwe akaufunika uso kwa mikono. Nilidhani kakasirika. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Mwanangu," akasema, "sasa hata mungu wa kijiji anajua umeolewa na nani."

Mwanangu! Siyo binti wa tambarare.

Lakini mvua imerudi. Shali inaning'inia juu ya jiko. Inadondosha maji.

Jumapili, 14 Aprili

Ngoma zimeanza. Mungu ametolewa hekaluni, sanamu yake iko mabegani mwa wachukuzi. Shali imekuwa fupi kwa shubiri nzima, nzito, imeshikana. Ncha moja imekauka. Ya pili bado inadondosha maji, tazama doa hili ukurasani!

Mama mkwe kaweka pini zake za fedha kitandani pangu. Hakunipa. Kaweka tu. "Za kuazima," akasema. "Tutaona jioni."

Nimezichoma mwenyewe, hakuna aliyenigusa. Pini imeuma sufu — nimeisikia ikiuma! Nimeruka mara tatu. Imekaa. Nimezunguka. Imekaa, ila ile ncha yenye maji inavuta begani.

Khem yuko dirishani, ananikodolea macho kama mjinga. Dinu keshatoka. Mama mkwe yuko mlangoni, kaninyooshea mkono. Anasema niweke kalamu, mstari unaanza, na kule mikono yote miwili ni ya kushikana.