Gunia Alilolikataa Karimi

Ijumaa, Majengo, Meru. Mvua ilituamsha, ile mvua yetu isiyo na haraka, na imekatika muda si mrefu uliopita. Mikono yangu imejaa mikwaruzo mpaka kwenye viwiko. Moyo wangu umetulia. Asubuhi haukuwa umetulia hata kidogo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Kawira, nauza maharagwe, njahi na mahindi sokoni. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya msikiti, mlango wangu ukitazamana na wa Mama Halima, ambaye mume wake ana bucha. Ninaishi na paka. Paka ana mimba, na mimba yenyewe imefika mwisho. Tumbo limeshuka, na ukiweka kiganja ubavuni unahisi watoto wakisukumana humo ndani kama ndugu wanaogombania blanketi moja.

Nilimtoa kwenye mtaro nyuma ya bucha mvua zilipoanza. Alikuwa ameloa, mbavu zinahesabika, kilichonenepa ni tumbo peke yake. Siku ya kwanza tu akapanda kwenye lile karai kuukuu nililopandia vitunguu mlangoni, akavifukua vyote. Vyote! Basi nikamwita Karimi. Kwetu Wameru hilo ni jina la msichana mchapa kazi, yule anayejua kulima.

Mama yangu, aliye kijijini Kiirua, aliposikia kwa simu nimempa paka jina la mtu aliniuliza mara mbili kama ni paka kweli. Kwake paka ni kibarua wa ghala. Hapewi jina, na chakula hapewi, kwa maana akishiba atashika panya gani?

Mimi nimempa vyote viwili, na sijutii.

Kilichokuwa kikininyima usingizi ni hiki. Mama Halima aliniambia kwamba Karimi alishawahi kuzaa, kule kule nyuma ya bucha, katikati ya mapipa ya mifupa. Mbwa wa mtaa waliwafikia wale watoto kabla hawajafungua macho. Karimi akabaki akizunguka mapipa siku nyingi, akiita. Niliposikia hayo niliapa kwamba safari hii atazaa ndani ya chumba changu, mlango ukiwa umefungwa, na hakuna mbwa atakayeonja hata unyoya.

Ndivyo nilivyo. Nikisema nimesema.

Wiki iliyopita nilijisifu hapa hapa kuhusu kitanda cha uzazi nilichomtengenezea, mliosoma mnakumbuka. Kreti ya nyanya, ya mbao, nikaiweka uvunguni mwa kitanda changu ambapo kuna giza na joto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka magoti yakaniuma. Ndani nikatandika gunia. Muuza nafaka hakosi magunia, na katika magunia yangu yote nilichagua lililo safi kuliko yote, laini, halina hata tundu. Nililikung'uta nje, nikalikunja vizuri. Nilijiona mkunga.

Karimi alinusa, akapiga chafya, akaondoka.

Nikamrudisha. Akatoka. Nikamrudisha tena, nikaziba mbele kwa kigoda. Alikuwa akilia na kukwaruza ndani, na kila nilipokiondoa kigoda alikimbilia mlangoni kwenda kukwaruza huko. Nikamwambia, na nilikuwa na uhakika wote duniani, kwamba paka wa mtaro hajazoea raha, atazoea. Jana nikamfungia humo kwa kigoda tena. Mlango wa nyumba nao nikaukomea.

Leo asubuhi nilimkuta hayuko sawa. Mate yanamtiririka, masikio yanachezacheza, ngozi ya mgongo inashtukashtuka kama ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi.

Nilifurahi. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma kuiandika. Nilifurahi, nikadhani ni uchungu wa kuzaa umeanza. Nikabandika uji wa wimbi, maana kwetu mama aliyejifungua hakosi uji, nikamwita Mama Halima kwa sauti ya kuamsha ploti nzima. Naye akaja na supu ya mifupa kwenye kibakuli, kwa sababu kwao mzazi lazima apate supu. Tukawa wanawake wawili na vyakula viwili mbele ya paka anayedondokwa na mate.

Mama Halima akapiga magoti, akaingiza kichwa uvunguni, akakitoa haraka akiziba pua.

"Kawira mwanangu, hili gunia lilikuwa na nini?"

"Mahindi ya mama."

"Ya kula ama ya mbegu?"

Niliuacha mwiko kwenye uji.

Yalikuwa ya mbegu. Kila msimu mama huchagua mahindi ya kupanda, huyapaka dawa ya unga dhidi ya fukusi, na mengine huniletea niwauzie majirani zake wa zamani waliohamia mjini. Mimi ndiye huwafokea wateja wangu kwamba gunia la mbegu haliwekewi chakula wala halilaliwi na mtoto. Nimewafokea watu wazima na wake zao. Halafu kwa mikono yangu nikamlaza mama mjamzito juu ya hiyo dawa, akiniambia kwa chafya, kwa kilio na kwa kucha kwamba hapafai. Sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikusikia paka.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wa mama. Kusikia paka akacheka. Nilipotaja gunia la mbegu akaacha kucheka.

"Sikiza, madam. Hiyo poda kwa paka ni sumu, tena sumu serious. Mwoshe saa hii, maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, na usikubali ajirambe kabla hujamaliza. Alafu fungua nyumba yote hewa iingie. Ukiona ameanza kutetemeka mwili mzima, mlete mbio, usinipigie hata simu."

Kumwogesha paka mwenye mimba si kazi ya mtu mmoja. Mama Halima alimshika mabega, mimi nikapaka sabuni, na Karimi akatuchanja sote bila ubaguzi. Manyoya yalipolowa niliona jinsi alivyo mdogo. Ni mifupa, macho, na lile tumbo zito mikononi mwangu, limetulia. Hakuna aliyesukuma humo ndani. Nikabonyeza taratibu, hakuna.

Niliogopa. Niliogopa kwamba mbwa hawakuhitajika safari hii, nimewamaliza mimi mwenyewe, mtu ninayejua kila kitu. Nililia kwenye beseni nikiendelea kusuuza. Mama Halima alijifanya haoni, Mungu ambariki.

Tulimkausha kwa leso. Gunia nikalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikapiga deki sakafu mara mbili. Kisha ikabaki ile kazi niliyokuwa nikiikwepa, kufungua mlango. Daktari alisema hewa iingie. Mlango ule ule nilioapa hautaachwa wazi mpaka watoto wazaliwe, nikaufungua mimi mwenyewe mpaka mwisho, na dirisha pia.

Karimi alikaa kizingitini, akatikisa mguu mmoja, akatoka. Akashika njia ya kwenda bucha.

Nilinyanyuka kumfuata. Mama Halima akanishika gauni. "Mwache. Umemfungia ameumia. Ukimshika tena sasa, akirudi itakuwa kwa nani?"

Nikamwacha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, na mimi ni mtu wa kubeba gunia zima mgongoni.

Kwa kuwa siwezi kukaa bure, nilisugua ile kreti kwa sabuni na maji ya moto, nikaikausha karibu na jiko. Nilienda kwa muuza miraa wa pale kona, anayefungia bidhaa zake kwa majani ya mgomba, nikamwomba yale yaliyokauka chini ya meza yake. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia nina mgonjwa. Hakuuliza tena, akaniongezea. Kuku wa mama hutagia juu ya majani kama hayo na sijasikia kuku akilalamika. Juu yake nikaweka leso yangu ya kuvaa nyumbani, haijafuliwa, ina harufu yangu na ya maharagwe. Kreti sikuirudisha uvunguni. Niliiweka kando ya ukuta, mahali ambapo aliyelala ndani anauona mlango.

Halafu nikakaa kwenye kigoda, kigoda kile kile, nikichagua mawe kwenye njahi. Upande wa bucha mbwa walibweka. Nikaendelea kuchagua. Wakabweka tena, nikagundua ninaweka njahi upande wa mawe.

Adhana ya alasiri ilikuwa haijamalizika alipotokea kando ya ukuta, miguu ina matope, tumbo linayumba. Hakunitazama. Alipita hapa kando ya goti langu kama mwenye nyumba anayempita mpangaji, akaenda moja kwa moja kwenye kreti. Akanusa kona hii, akanusa kona ile. Nilishika pumzi nikisubiri chafya.

Hakupiga chafya.

Aliingia, akazunguka, akanilalia leso. Nilisogea nikitambaa, nikaweka kiganja ubavuni kwa woga, kama mtu anayebisha hodi kwa watu aliowakosea. Kimya. Kimya bado. Kisha mmoja akasukuma, na mwingine akamjibu upande wa pili, na wote wakaanza tena ule ugomvi wao wa blanketi.

Nimempigia mama. Nilitarajia anicheke. Akasema, "Lile gunia ni kosa langu pia, ningelifunga kitambaa chekundu ujue lina dawa." Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeona haya, "Karimi amekula?" Alimtaja kwa jina. Nikamwambia amekula supu yote, uji ameukataa. Mama akasema hata yeye alipomzaa kaka yangu uji ule haukumshuka.

Ngozi ya Karimi imeacha kushtuka. Mate yamekauka. Jioni ikiingia nitaufunga mlango, kwa sababu mbwa ni mbwa na mimi bado ni Kawira. Lakini saa hii uko wazi, na anajua uko wazi.

Ninapoandika haya amesimama ndani ya kreti na anafukua. Majani yanaruka mpaka miguuni pangu. Anachimba upande huu, anasawazisha, anageuka, anachimba upande ule, vile vile alivyofanya na vitunguu vyangu. Mara moja ameinua kichwa akautazama mlango kwa muda mrefu.

Akarudi kulima.