Maharage ya Aline na Makaa ya Mama Grace

Jumatatu, 12 Mei
Chai, dawa ya presha, kisha mjukuu wangu Aline na kazi yake ya sayansi. Wanafunzi wawili wawili, wiki moja. Mwenzake ni Grace, binti wa jirani. Walitaka kufanya "mazingira". Nikawaambia mazingira si swali. Swali zuri ni dogo, na jibu lake bado hulijui. Wakakaa kizingitini kufikiri. Nikawaacha. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, Karagwe na hapa jirani na Goma, najua mtoto anayefikiri haharakishwi. Hatimaye Aline: maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanakula makaa kidogo kuliko makavu? Hilo ni swali. Linapimika uani.

Jumatano, 14 Mei
Mama Grace amekuja kunihurumia. "Bibi, unachokesha batoto bure. Goma kule iko fundi, anatengeneza volcan, inatoa moshi kabisa. Mi nitalipa." Volkano ya boksi, na ya kweli tunaiona tukifungua dirisha. Nilikasirika. Kazi ya kununua inamfundisha mtoto kununua, basi. Nilimwambia hivyo. Akacheka. "Bon, we na maharagi yako."

Jumamosi, 17 Mei
Siku ya jaribio. Majiko mawili, sufuria mbili sawa, makaa yaliyopimwa kwa mkebe mmoja. Badilisha kitu kimoja tu, niliwaeleza, vingine vyote viache sawa. Walifanya vizuri. Tukaingia ndani kula. Tuliporudi, jiko la maharage makavu linawaka kama jipya. Mama Grace alikuwa amepita.

"Nilikuta makala inakufa, Bibi. Ningeacha tu?"

Makala kwao ni makaa, na hapa mwanamke hapiti kwenye jiko linalozimika bila kulitia makaa, liwe la nani. Ni adabu. Siku nyingine ningemshukuru. Leo nimemfokea mbele ya wapangaji wote. Jaribio limeharibika na kazi inatakiwa Jumatatu. Grace analia, anataka volkano. Akashauri wakisie namba, mwalimu hatajua. Nikamfokea na yeye. Afadhali sifuri.

Aline ameloweka maharage mengine.

Jumapili, 18 Mei
Asubuhi Aline alikwenda peke yake kwa Mama Grace, akamwomba alinde majiko. Nilichukia. Fisi hakabidhiwi bucha, nilimwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akampelekea kiti.

Mama Grace alitoka kanisani akakaa pale na kitenge chake cha ibada. Mpangaji akisogea, anafukuzwa. Mimi niliinama kuchungulia tu.

"Bibi, toka apo. Ata we. Hii ni ya batoto."

Nimeshinda chumbani, nimefura. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kupitia dirishani nikawasikia wasichana wakibishana juu ya makaa yaliyobaki, wakapima tena, wakaandika. Hawakuniita. Yaliyolowekwa yaliiva mapema na makaa yakabaki. Nimeambiwa wakati wa kula, kama mgeni.

Ijumaa, 23 Mei
Alama zimetoka. Ya kwanza ni volkano. Si ya Grace. Mzazi mwingine alimpata fundi yuleyule. Moshi, taa, makofi. Mwalimu hakumuuliza mwenye volkano swali hata moja. Nikavaa viatu niende shuleni nikamweleze mwalimu huyo maana ya kazi ya mwanafunzi.

"Bibi, acha," Aline akasema. "Sisi tumepata nzuri."

Ni kweli, wamepata nzuri. Waliandika hata jaribio lililoharibika, pamoja na sababu yake. Darasa lilicheka, kwa kuwa kila mmoja ana mama wa namna hiyo. Wazo la kuliandika halikutoka kwangu.

Nimevua viatu. Hasira bado ninayo.

Jumamosi, 24 Mei
Manyunyu tangu alfajiri. Mama Grace hajanisemesha, wala mimi sijamsemesha. Nje ya mlango wake kuna sufuria imefunikwa sahani. Upepo uliisogeza sahani, nikaona: maharage yamevimba ndani ya maji ya jana. Jiko lake pembeni lilikuwa linafifia.

Huenda naye anapima. Nimepita. Sikugusa kitu.