Waziri Hana Cheti

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemtembeza Waziri kabla ya zamu. Mzunguko wa kawaida, stesheni ya Hjulsta, hapa Sweden, hadi kule kwenye vibustani na kurudi. Baridi. Amekojolea kila nguzo kama mkaguzi wa stima. Mbwa mfupi, masikio marefu, miguu ya stuli.

Si wangu kwa asili. Ni wa Mzee Kizito, Mganda, rafiki yangu tangu nilipofika nchi hii na koti moja. Kiharusi kilimwangusha kiangazi. Sasa yuko nyumba ya wazee huko Jakobsberg, na Waziri yuko kwangu.

Leo jambo kubwa. Usajili umekamilika. Waziri yumo kwenye daftari la serikali, yeye na jina langu na namba ya kile kidude alichodungwa shingoni. Nimewatangazia wote kinyozini: huyu sasa ni mbwa wa serikali. Nani atamzuia mlangoni?

Nakuru enzi zetu ndivyo ilivyokuwa. Baba alimkatia mbwa wetu Chui leseni kwa kanjo, yaani baraza la mji, akapewa beji ya shaba. Mbwa asiye na beji alipigwa risasi na askari wa kanjo, mchana kweupe, watoto tukitazama. Mwenye beji alipita sokoni, alipita stesheni, na kanisani Chui alilala chini ya benchi la baba mpaka baraka ya mwisho. Mbwa yule aliwahi kumrudisha kiboko ziwani. Nilikuwepo. Basi, nilikuwa karibu.

Nimeukumbuka mlio wa ile beji. Ukiusikia gizani unajua baba anarudi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefukuzwa dukani. Mimi na Waziri, mbele ya watu. Msichana wa kaunta kaja mbio. Nikamwonyesha usajili kwenye simu. Akasema kwa upole kwamba kila mbwa Sweden lazima asajiliwe.

Kila mbwa!

Nimenunua maziwa huku Waziri amefungwa nje analia kama tarumbeta. Kinyozini nimesema meneja alinipigia saluti. Wakacheka. Nadhani waliamini nusu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jakobsberg. Mzee amekonda, mdomo umekwenda upande. Huyu ndiye aliyekuwa akiongea kutoka supu hadi chai ya mwisho. Alikimbia kwao usiku mmoja, na habari ya usiku huo aliisimulia kwa namna mpya kila mara. Mimi nilijifunza kwake. Sasa amelala anatazama dari. Neno ni moja tu, kutwa: Waziri. Wauguzi Waswidi walidhani anamwita waziri wa kwao. Espérance, dada wa Burundi anayefanya kazi hapo, ndiye aliyewaeleza ni mbwa.

Nimekwenda kwa mkuu wa zamu. Mama mrefu, miwani kwenye kamba. Mbwa haruhusiwi ndani. Kuna mgonjwa wa mapafu ambaye manyoya yanamziba pumzi. Anayeingia ni assistanshund peke yake, yaani mbwa msaidizi, aliyefunzwa kumhudumia mtu fulani. Nikasema wangu ana usajili. Akasema hiyo ni habari nyingine. Akasema hali ya hewa ikiwa nzuri tunaweza kujaribu kuwakutanisha uani.

Nikakataa. Uani! Kwetu mbwa wa kungojea nje ni mbwa asiye na beji, na tunajua mwisho wake. Nimerudi kwa Mzee, nimemshika mkono, nikamwahidi kwa sauti ya kusikika chumba cha pili: Jumapili ijayo Waziri anaingia kwa mlango wa mbele. Macho yake yakajaa maji.

Nimeahidi. Imekwisha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Neema, binti wa dada yangu, alikuja kula. Mzaliwa wa hapa, anasomea mambo ya sheria. Nikamweleza. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Usajili ni kama namba ya gari. Unaonyesha gari ni la nani. Hausemi ni ambulansi. Mbwa msaidizi ni kitu kingine kabisa: anafunzwa muda mrefu, anafanya mtihani pamoja na mtu wake, na mtu huyo ana ulemavu au ugonjwa.

Halafu sentensi moja akaisema kwa Kiswahili safi ili inichome vizuri.

"Sasa wewe mjomba una ugonjwa gani, zaidi ya mdomo?"

Nimecheka. Sikufurahi. Mimi niliachia shule darasa la saba. Leo naambiwa kuna mbwa wenye vyeti.

Alipoondoka nikaingia kwenye mtandao. Vizibao vya mbwa vinauzwa wazi. Cha manjano, kimeandikwa assistanshund ubavuni kwa herufi kubwa. Hawaulizi swali. Nimeagiza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kimefika. Kinamkaa kana kwamba alizaliwa nacho. Nikaona tufanye mazoezi ya Jumapili, tukapanda treni.

Jamani, heshima! Watu wanapisha. Kijana katoa kiti. Nilikaa nimetoa kifua, Waziri kati ya miguu, nikamkumbuka baba akipita sokoni na Chui, wauzaji wakiinua kofia. Nilitaka safari isiishe.

Kisha tuliposhuka, kwenye jukwaa la treni, akaja mama kipofu mwenye fimbo nyeupe. Mbwa wake mweusi, kakaza macho mbele, hatazami mtu. Waziri akamwona. Akaruka, akabweka, kamba ikanitoka mkononi. Yule mweusi hakujibu, lakini ilimbidi akwepe, na mama akayumba upande wa reli. Mtu alimshika mkono.

Mama yule akaigeukia sauti ya Waziri. Akauliza, si kwa hasira, kama mbwa wangu yuko kazini.

Nilimwokota Waziri kwapani kama gunia na kushuka ngazi. Kizibao nimekitupa kwenye pipa la taka papo hapo stesheni. Kinyozini sikwenda. Hii haina namna ya kuisimulia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Espérance amepiga simu nikiwa kazini.

"Kaka, Mzee hali. Chakula anafunga meno. Kifua nacho kimeanza. Wewe unangoja Jumapili ya nini?"

Nimeomba ruhusa ya kesho. Sijalala vizuri tangu jana. Kila nikifumba macho namwona yule mama na zile reli. Halafu namwona Mzee anatazama mlango. Mlango wa mbele, kama nilivyomwambia mimi kwa kinywa changu.

Naogopa. Ndiyo, nimeandika. Naogopa atakufa akiutazama mlango ule.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tulifika baada ya chai ya asubuhi. Manyunyu. Waziri hakuvaa kitu ila ukanda wake wa shingoni. Nilimfunga nje, nikaingia peke yangu, nikavua kofia. Nikamwambia mama wa miwani: mbwa huyu amesajiliwa tu, kama mbwa wote. Hana mafunzo. Hana adabu. Naomba ile ruhusa ya uani, kama bado ipo.

Akatazama nje. Akasema kwa kifua kile Mzee hawezi kutolewa kwenye mvua.

Nikasimama. Sikuwa na neno. Nadhani hilo ndilo lililomshtua.

Akaita Espérance. Chumba cha Mzee kiko chini na kina mlango wa kioo unaotoka kwenye kibaraza. Yule wa mapafu yuko upande mwingine wa jengo. Wakafunga mlango wa korido. Wakamfunika Mzee mablanketi mpaka kidevuni, wakasukuma kitanda hadi magurudumu yakagusa kizingiti. Mbwa abaki upande wa nje, akasema mama. Nikasema sawa, mama.

Nilizunguka nyumba na Waziri. Alipofika kibarazani akasimama, pua juu. Hakubweka. Alikwenda taratibu, tumbo karibu na ardhi, mpaka ukingoni mwa mlango, akaketi. Mkono wa Mzee usiopooza ukashuka kutoka kitandani, ukawa unatafuta hewani. Waziri akainua kichwa kikaingia kwenye kiganja.

Espérance alijifanya anapanga mito.

Kisha Mzee akaongea. Maneno mazito, yanavutwa moja moja kama ndoo kisimani, lakini yalikuwa maneno.

"Amenenepa. Unampa nini, wewe mjinga?"

Nikamwambia ugali. Akatoa sauti kooni. Kicheko kile, nakijua.

Akalishwa uji, akameza. Si wote. Akasinzia, vidole bado kwenye sikio la mbwa. Nilivuta kiti cha plastiki nikakaa kibarazani kwenye manyunyu, bega langu moja limelowa. Majani ya manjano yanaanguka uani. Mama wa miwani alipita, akatazama, hakufunga mlango.