Magurudumu ya Askari

Lodwar, Jumanne

Ekiru! Kati ya watu wote, Ekiru!

Asubuhi ilikuwa furaha tupu. Ekiru, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, alimfunga mbwa wangu Askari kwenye kigari alichomtengenezea kwa wiki kadhaa, chenye magurudumu mapana yasiyozama mchangani. Askari, aliyekuwa akiburura miguu ya nyuma tangu agongwe na pikipiki, akatembea. Nililia mbele ya majirani.

Jioni Ekiru akarudi kukaza nati. Siku zote huja kwa miguu, lakini leo alikuja na pikipiki yake. Iliponguruma tu langoni, Askari akatoa ukelele, akakimbilia ndani, kigari kikakwama mlangoni. Akajikojolea palepale.

Nikamtazama Ekiru. Akazima injini.

"Madam, giza ilikuwa mingi, sikumuona," akasema. "Halafu nikaogopa kukuambia."

Hata kumfukuza nilishindwa.

Wiki zote hizi nimekuwa nikiomba kabla ya kulala: Mungu ambariki Ekiru kwa wema wake, na amlaani aliyemvunja Askari mgongo. Katika sala moja.

Sasa hivi nimepiga magoti. Nimefika kwenye jina lake, nikakwama.