Picha Yangu Yenye Tai

Jumatatu, 3 Machi

Kama si mimi, mtaa huu ungelala milango wazi. Nimesema! Meneja wa benki ya pale kona alipojifungia nje ya hazina yake, aliitwa nani? Mimi, fundi makufuli. Niliifungua kwa kijiti cha kiberiti, dakika mbili. Haya, haikuwa hazina, lilikuwa kabati la mafaili. Lakini la chuma.

Leo mpwa wangu kaja kibandani na fomu. Tunamwita Kipenga kwa ajili ya sauti yake. Kapata nafasi chuo cha uuguzi, mkopo wa ada upo, ila benki inataka mdhamini mmoja mwenye kazi na jina safi. Baba yake ni marehemu. Mama yake, dada yangu, hana kazi ya kuonyesha kwenye karatasi. Kabaki nani?

"Mjomba, ni wewe tu."

Nikamwambia sahihi yangu inafungua milango ambayo hata funguo zangu haziwezi. Nikasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukatoka nje ya karatasi ukaishia mezani. Mambo yote yawe yamekamilika Ijumaa ya wiki ijayo. Kazi ndogo.

Jumatano, 5 Machi

Upuuzi! Benki wamenikataa. Mimi! Karani kasema jina langu limo kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Nikacheka kwa nguvu ili foleni nzima isikie kwamba ni kichekesho. Nikasema majina yamefanana. Akasema majina hufanana, namba za vitambulisho hazifanani, mzee.

Mzee! Nina miaka hamsini na mbili.

Akaongeza, kwa sauti ya chini, nadhani alinihurumia: sheria inanipa haki ya kwenda ofisi ya taarifa za mikopo kuomba ripoti yangu, bure, mara moja kila mwaka. Nikamjibu najua.

Sikujua.

Alhamisi, 6 Machi

Ripoti ninayo. Kurasa tatu. Mimi niliishia darasa la sita, tena kwa hiari yangu, walimu walikuwa wameshaishiwa la kunifundisha. Lakini karatasi hii! Kipenga akaisoma barazani kwa sauti ile ile yake, basi majirani nao wakapata ripoti bure.

Kuna mkopo wa kwenye simu, wa Desemba. Jina langu. Namba ya kitambulisho changu. Haujalipwa hata senti. Naapa hapa ambapo hakuna anayenisikia: sijauchukua, wala sijaiona hiyo pesa.

"Sasa wamekipataje kitambulisho chako?" dada akauliza.

Mdomo ukanitangulia. Majambazi, nikasema. Watatu. Walinizingira nyuma ya soko, mmoja ana panga. Nikaangusha wawili, wa tatu akachomoka na pochi.

"Na kitambulisho?"

"Kilikuwa humo."

"Si hicho kinachoning'inia shingoni mwako?"

Ndicho. Nakivaa kila siku, watu wajue ni nani. Nikasema yule wa tatu alikipiga picha, kisha akakirudisha. Kwa heshima.

Kipenga alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikatazama ukuta.

Kuna ile simu ya Desemba. Leo siiandiki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda na Kipenga ofisi ya taarifa za mikopo. Chumba kidogo, viti sita vya plastiki, feni inageuka upande mmoja tu. Mezani mama mwenye miwani, mpole. Kasema deni ambalo si langu naweza kulipinga kwa maandishi. Wakipokea pingamizi, wana siku thelathini kulichunguza, na siku hiyo hiyo deni linawekewa alama kwamba linapingwa. Wananipa barua, benki wanaipokea, mpwa wangu anaendelea na safari yake. Tena wanaweka tahadhari kwenye jina langu: yeyote akitaka kukopa kwa jina hilo, lazima kwanza mimi nipigiwe simu.

"Fikiria ni kufuli la pili," kasema.

Ah! Kwa mara ya kwanza mtu wa ofisi kaongea lugha yangu.

"Ila maelezo ni ya kiapo, baba. Yakiwa na uongo, pingamizi linatupwa, na wewe unashtakiwa."

Nikaanza na majambazi. Safari hii walikuwa wanne. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akageuza kompyuta yake, nione picha iliyotumwa na maombi ya mkopo.

Mimi. Mimi mwenyewe, natabasamu meno yote nje. Kitambulisho nimekishika kifuani kwa mikono miwili kama kombe. Koti la kuazima. Tai nyekundu yenye madoa meupe.

"Majambazi walikuvalisha na tai?"

Watu wa kwenye viti wakacheka. Kipenga hakucheka. Alisogea karibu na kioo, akasema polepole, "Mjomba, hiyo si tai ya baba?"

Ni yake. Niliiomba kwa dada Desemba, nikasema naenda kumfungulia waziri sefu.

Tumerudi kwa miguu. Njia nzima hakutamka neno. Kipenga! Njia ya mwongo fupi, wanasema. Hii ya leo ilikuwa ndefu.

Jumanne, 11 Machi

Sijafungua kibanda. Nimesema mgongo.

Jumatano, 12 Machi

Basi, niandike. Hakuna anayesoma.

Desemba ile alinipigia simu mwanamume mwenye sauti ya mtangazaji. Kasema mafundi wa nchi nzima wanaundiwa baraza, na jina langu limependekezwa kwenye uenyekiti. Inatakiwa picha rasmi, kitambulisho kifuani. Nikatuma. Kisha akasema itaingia namba kwenye ujumbe, nimsomee ili kuthibitisha kiti changu. Namba sita. Nilisimama kuzisoma! Nilisimama wima, peke yangu kibandani, kama naapishwa.

Halafu kimya. Nikajua siku ya tatu. Kwa hiyo benki waliponiambia, kuna sehemu yangu haikushangaa.

Mimi huyu! Miaka thelathini sijawahi kuchonga ufunguo wa mtu nisiyejua mlango wake. Akija mtu na alama ya ufunguo kwenye kipande cha sabuni, namfukuza mbele ya wateja, namtangaza mtaa mzima. Na hapa nimechukua uso wangu mwenyewe nikaukandamiza kwenye sabuni, nikamkabidhi mwizi, nikamwambia asante. Kinyozi hajinyoi. Mimi nimejinyoa mpaka nyusi.

Jioni dada kaja na dawa ya kuchua.

"Mgongo unauma upande gani?"

Nikanyoosha kidole kushoto.

"Asubuhi ulisema kulia, mdogo wangu."

Akaiweka chupa mezani. Akakaa. Kasema Kipenga ameamua kuahirisha chuo, anasema mwaka si mwingi. Hataki nilazimishwe kuandika vitu vya kunivua nguo mbele ya watu. Nikauliza nafasi yake watamtunzia? Dada kasema nafasi haitunzwi, inapewa mwingine.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu.

Alhamisi, 13 Machi

Fomu ya pingamizi iko mbele yangu. Ofisi ya mikopo inafungwa saa kumi, na kesho ndiyo siku ya mwisho benki. Kipenga yuko nje ya kibanda kwenye kigoda, kaupa mlango mgongo makusudi ili nisimwone ananiona. Nilimtuma mtu amwite. Yeye ndiye shahidi. Lazima asome kila neno ndipo asaini.

Naandika kwanza humu, nitanakili kule.

Simu — nimeandika. Picha — nimeandika. Tai ya baba yake — nimeandika, ingawa hawakuuliza tai. Namba sita — nimeandika. Majambazi nimewatoa wote.

Kumebaki mistari miwili ya mwisho: nini kilikufanya umwamini aliyepiga?

Nimeandika: mtandao ulikuwa mbaya, sikusikia vizuri alichosema. Nikakata. Nimeandika: alikuwa stadi, tapeli wa kimataifa. Nikakata.

"Mjomba, saa tisa kasorobo!"

"Nanyoosha lugha!"

"Lugha waachie wao. Andika tu."

Mtandao haukuwa mbaya. Siku hiyo simu ilisikika kuliko siku zote.

Aliniita Mheshimiwa. Basi, ni hilo tu. Kabla ya baraza, kabla ya picha, alianza na hilo: Habari za kazi, Mheshimiwa. Na mimi nikamwambia, halo, husikiki, hebu rudia.

Nilikuwa nimemsikia.

Akarudia. Nikamwambia bado husikiki.